Maneno Yaliyotangulia Zahanati

Ukitazama mabango ya afya ya miaka ya nyuma, yale yaliyokaa kwenye kuta za zahanati hadi rangi ikapauka, utakuta UKIMWI umefafanuliwa kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini. Mabango yaliyofuata yanasema Upungufu wa Kinga Mwilini. Badiliko hilo lilipita bila kelele, na kifupisho chenyewe hakikuguswa, maana ukosefu na upungufu yote yanaanza kwa U. Mhariri gani asingeitamani bahati hiyo? Lakini maneno hayo hayalingani. Aliyekosa hana. Aliyepungukiwa anacho, ila hakimtoshi, na kilichopungua huweza kuongezwa. Kwa miaka mingi mgonjwa aliambiwa, kwa uzito wa maneno yenyewe, kwamba mwili wake hauna kinga hata chembe. Aliyesahihisha neno lile moja alifanya kazi kubwa kuliko semina kadhaa zenye posho.

Neno ambalo halikusahihishwa ni kinga. Kabla halijawa la daktari lilikuwa la mganga, na bado ni lake. Kinga ni hirizi, ni chale za kifuani, ni dawa ya kuogea, ni kitu kilichofukiwa kizingitini. Ndugu zake ni zindiko la nyumba na kago la shamba. Mwenye kinga, mabaya ya watu humpita. Sasa mhudumu wa afya amesimama chini ya mwembe akieleza kwamba umeingia ugonjwa wa kupungukiwa kinga mwilini. Wasikilizaji wanaelewa. Wanaelewa kupita alivyokusudia: wanajua kinga hutolewa na nani na kwa bei gani, na wanajua kwamba mtu hapungukiwi kinga hivi hivi, lazima yupo aliyemfungua. Halafu tunasema wanakijiji hawakuielewa elimu ya UKIMWI.

Mada ya mila na UKIMWI vijijini imeandikwa sana, na karibu kila mara kwa sura moja: mila ni orodha ya vitendo, kila kitendo kina hatari yake, na tiba ni kuviacha. Mimi naona pa kuanzia ni kwenye maneno. Virusi vilipofika vilikuta watu tayari wana majina ya maradhi ya kukondesha, ya usafi, ya urithi, ya kuingia utu uzima. Elimu ya afya nayo ilikuja na majina yake, mengi yametungwa mezani. Nitapitia machache tu, yale ambayo mgongano wake ulizaa jambo.

Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, wavuvi wa Kasensero walikuwa wamekwisha kuanza kuzikana. Waganda waliuita silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba, na kufikia mwaka 1985 jina hilo la mitaani lilikuwa limepanda hadi kwenye kichwa cha makala ya kisayansi katika jarida la The Lancet. Upande wa Bukoba jina lililovuma ni Juliana. Juliana ilikuwa nguo ya fasheni iliyovushwa mpakani kwa magendo katika miaka ya dhiki iliyofuata Vita vya Kagera. Mwenye pesa aliinunua, na mwanamke aliyeivaa alionekana ana mtu mwenye pesa.

Jina hilo lina akili na lina dhuluma. Kabla ya maabara yoyote kuchora ramani, watu wa Kagera walikwisha kuona kwamba ugonjwa unafuata mpaka, barabara, fedha za haraka na wanaume wanaolala nje ya kwao. Lakini kati ya hayo yote wakachagua kuuita kwa vazi la mwanamke. Lori halikupewa heshima hiyo, wala magendo yenyewe.

Wajaluo, wa Nyanza nchini Kenya na wa Rorya mkoani Mara, hawakuhitaji jina jipya. Walikuwa na chira. Chira humpata aliyevunja mwiko, au humpata mtoto kwa kosa la mzazi. Aliyepanda mbegu kabla ya mkubwa wake, aliyejenga bila kufuata utaratibu wa boma, mjane aliyelala na mtu kabla hajafanyiwa yampasayo: wote wamejiweka kwenye njia yake. Dalili ni kukonda, kuharisha, ngozi kuharibika, kufifia polepole. Dawa ni manyasi, mitishamba inayokwenda pamoja na kurekebisha lililokosewa. Marjorie Oludhe Macgoye aliliona neno hilo zito kiasi cha kulifanya jina zima la riwaya yake ya mwaka 1997. Muuguzi na mzee wa ukoo wangeweza kusimama kando ya kitanda kimoja, wakazitaja dalili zilezile moja baada ya moja, wakaagana wamekubaliana kila kitu isipokuwa chanzo.

Na chanzo ndicho kinachoamua nini kifuate. Mume amekufa kwa UKIMWI. Wazee wanasema chira. Mjane, ambaye huenda naye ana virusi, anaambiwa kwamba asipotwaliwa kwa mujibu wa mila, chira itamla yeye na wanawe. Anatwaliwa. Baada ya miaka kadhaa shemeji aliyemtwaa anaanza kukonda, na kukonda kwake kunathibitisha kwamba ipo hatua ya mila iliyorukwa. Katika mzunguko huo sioni mjinga. Naona watu wanaofanya, kwa haraka na kwa hofu, kile wanachoamini kitaokoa waliobaki.

Hapo tunakutana na istilahi inayonikera kuliko zote: kurithi wajane. Imo katika ripoti, katika hotuba, katika vitabu vya shule, na wengi tunaitamka bila kuitazama. Kijaluo kinasema tero, yaani kuchukua, kwenda na mtu. Mwanamume anayefanya kazi hiyo ni jater. Mjane mwenyewe ni chi liel, mke wa kaburi. Tafakari jina hilo la mwisho kabla ya kulionea kinyaa. Linasema ndoa haijaisha. Nyumba ni ya marehemu, na watoto watakaozaliwa wataitwa wa marehemu. Jater ni mtu wa kushika nafasi. Kwa hiyo kwa mantiki ya Kijaluo mjane harithiwi. Bado ameolewa, na aliyemwoa yuko chini ya ardhi.

Kiswahili kilipoliita jambo hilo kurithi, kilimgeuza mwanamke kuwa mali. Cha ajabu ni kwamba Kiswahili hichohicho, hasa cha pwani, kina elimu ndefu ya mirathi, ambamo mjane ni mrithi mwenye fungu lake, robo au thumni, na Kurani inakataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu. Katika mirathi mjane ndiye anayerithi. Katika kurithi wajane amerithiwa. Kinyambuo kimoja kimemwondoa kwenye kiti cha mtenda na kumweka kati ya vyombo vya marehemu. Mzee wa Siaya akisikia redio inamwambia aache kurithi wajane, hasikii habari za mila yake. Anasikia anatuhumiwa kugawana watu kama mbuzi.

Sisemi tero ni neema iliyosingiziwa. Wanawake wengi walitwaliwa bila ridhaa, na wengine walitwaliwa kwa sababu ya shamba, wakaachwa na shamba likaenda. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani inaitaja kwa jina, iwapo imefanywa kwa lazima, pamoja na kumtakasa mjane, na nafurahi kwamba imeandikwa. Ninachosema ni kwamba aliyelenga neno kurithi alilenga pasipo na shabaha. Swali la mjane lilikuwa jingine: nani atanianzia msimu wa kupanda, nani atasimama paa likivuja, mwanangu ataoa vipi nikiwa sijafanyiwa desturi? Kwa sababu swali hilo halikujibiwa, na kwa sababu mashemeji walianza kuogopa ugonjwa, ikachipuka kazi mpya. Akatokea jakowiny, mgeni asiye wa ukoo, anayelipwa kufanya kile ambacho ndugu wa marehemu amekikwepa, kisha akaenda kwa mjane mwingine. Mila ilipotishwa bila kuzungumzwa nayo, ilikodisha mtu. Na mtu wa kukodiwa anayetoka kaburi hadi kaburi ni hatari kuliko shemeji mmoja.

Lakini zipo familia zilizopata njia nyingine, na ndiyo sehemu ya habari hii ninayoipenda. Koti la jater linatundikwa ndani ya nyumba ya mjane. Basi. Nyumba imeingiwa na mwanamume, mwiko umeheshimiwa, watoto wako huru kuendelea na maisha, na hakuna aliyeguswa mwili. Anayejua mila kama orodha ya vitendo atasema hao wamedanganya. Mwenye mila anajua kwamba kilichotakiwa siku zote kilikuwa ishara, na kwamba ishara inaweza kubebwa na koti.

Kuna kifungu cha maneno kinachozuia kuona mambo kama hayo: mila potofu. Kimekuwa muhuri. Kinagongwa juu ya ukeketaji, juu ya tero, juu ya ngoma za usiku, juu ya waganga, hata juu ya jaboya, ambayo wala si mila. Jaboya ni mpango ambao mvuvi wa Ziwa Victoria humpa mama mchuuzi kipaumbele cha samaki kwa sharti la kulala naye. Hakuna babu aliyelianzisha hilo wala mzimu unaolidai. Limetokana na samaki kupungua, wachuuzi kuzidi na mitumbwi kuwa mikononi mwa wanaume. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay, kando ya ziwa hilo, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Ukiugonga muhuri wa mila potofu juu ya tarakimu hizo umemaliza kazi kwa dakika moja, na ziwa, bei ya omena na mwendo wa wavuvi kutoka mwalo hadi mwalo vimetoka kwenye picha. Sijawahi kusoma ripoti inayosema uchumi potofu.

Tohara ilileta mkasa wa aina yake. Majaribio matatu makubwa, ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionyesha kwamba kumtahiri mwanamume hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wake wa kuambukizwa na mwanamke. Mwezi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi, mwaka uliofuata Kenya ikaanza kampeni Nyanza, na Tanzania ikafuata katika mikoa isiyo na jando, Iringa ikiwa mstari wa mbele. Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa, ilikutwa na asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011/12, taifa zima likiwa na 5.1, kwa hiyo haraka ilikuwa na sababu.

Tatizo ni kwamba tohara si neno la upasuaji. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni usafi. Anayealikwa kutahiriwa anaambiwa kwa chinichini kwamba mpaka asubuhi hii alikuwa mchafu. Mjaluo aliingia utu uzima kwa kung'olewa meno sita ya chini, na katika siasa za Kenya kutotahiriwa kulikwisha kufanywa tusi, hata silaha: katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 wapo wanaume waliokatwa kwa nguvu barabarani. Wazee walipopinga mwanzoni hawakuwa wakibishana na wataalamu wa virusi. Ndiyo maana naiona istilahi ndefu na isiyo na mvuto, tohara ya hiari ya kitabibu, kuwa imefanya kazi ya maana. Neno hiari linaondoa tusi. Neno kitabibu linaiondoa kwenye jando, ili kijana atoke kliniki bila kudaiwa kabila jipya. Vijana wa Tanzania walikuwa na lao, mkono wa sweta, kwa maana ya asiyetahiriwa, na utani huo nadhani uliwapeleka wengi kliniki kuliko tarakimu.

Tarakimu yenyewe haikuwa salama kinywani. Ilitangazwa kama kinga ya asilimia 60, na hapa lile neno la mganga likarudi. Kinga ama unayo ama huna. Hakuna mwenye hirizi ya theluthi mbili. Kitenzi kupunguza kilidondoka njiani, na mwanamume aliyepona kidonda akasema ana kinga. Mkewe, ambaye utafiti haukumwahidi ulinzi wa moja kwa moja, hakuwa ametajwa katika sentensi.

Kusini mwa Tanzania na pwani, kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, Wazaramo, mambo yanageuka. Huko jando lipo na unyago upo, na lugha ya mwili ipo tele, ila ina nyumba yake. Mwali anapochezwa, makungwi humfundisha kwa nyimbo, kwa vinyago, kwa mafumbo na kwa maneno ambayo yakitamkwa barazani ni matusi. Ndani ya kumbi si matusi; ni somo, na anayelifundisha naye huitwa somo. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini nyumbani wengi walimheshimu kwanza kama mtu wa unyago.

Sasa mtaalamu wa afya anakuja na lugha ambayo haina nyumba. Hawezi kusema matusi, na hakupewa ufunguo wa mafumbo, kwa hiyo anatumia Kiswahili cha mkutano. Viungo vinakuwa sehemu za siri. Shahawa na maji ya uke yanakuwa majimaji ya mwilini, na msikilizaji anayejua kwamba jasho na machozi ni majimaji ya mwilini anaacha kumshika mgonjwa mkono. Kitendo chenyewe kinakuwa tendo la ndoa. Nalipenda neno hili kwa adabu yake na nalichukia kwa uongo wake. Darasa zima la vijana wasio na ndoa linaambiwa kwamba virusi huenezwa kwa tendo la ndoa, na mwenye akili ya sheria anahitimu akijua yeye hamo.

Neno la pili la mkutano ni ngono zembe. Zembe limetoka kwenye uzembe, na uzembe, kwa waliokulia miaka ya Ujamaa, ni kosa la kazini: kuchelewa shambani, kulala zamu. Kulihamishia chumbani kulimfanya aliyeambukizwa aonekane mtoro wa kazi. Mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe alifanya uzembe gani?

Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotungwa katika miaka ya 1990 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari Tanzania, iliwashutumu wazazi kwa kuwaficha watoto habari za mwili. Shutuma ilikuwa ya haki, lakini kwa sehemu nyingi za kusini haikuwa sahihi kwamba watoto hawakuambiwa. Waliambiwa, na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, na kwa lengo lililolingana na wakati wake. Zamani mwali alipotolewa alikuwa karibu na kuolewa. Siku hizi anavunja ungo, anachezwa wakati wa likizo, anaambiwa sasa amekuwa mtu mzima, na Jumatatu anarudi darasa la sita. Mafunzo ya kuishi na mume yamebaki, mume hayupo, na miaka iliyo katikati haina wimbo. Nyakanga mwenye akili angeweza kuutunga. Yeye ana kile ambacho bango halina, yaani ruhusa ya kutaja. Aliyepewa ruhusa hiyo akaitwa mwenye mila potofu atafunga mlango, na amefunga kwenye vijiji vingi.

Neno la kumcheza mwali ni ngoma, na ngoma ndilo neno ambalo mtaa ulivipa virusi. Ana ngoma, kaipata ngoma. Sijui kama waliolianzisha walifikiria unyago, sidhani. Lakini ndilo jina la kitu kinachokesha, kinachokusanya watu, kinachosikika kwa majirani hata ukifunga dirisha. Majina mengine ya mtaani yalikuwa ya umeme: kakanyaga miwaya, kaungua. Hayo ni makali zaidi, kwa sababu mwenye kuungua na umeme hana hadithi ndefu baadaye. Utani nao ulifanya kazi yake. Herufi za kifupisho cha Kiingereza, AIDS, zilifasiriwa vijiweni kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Wakongomani, wanaosema SIDA kwa Kifaransa, nao waliifasiri kuwa maradhi ya kubuni ya kuwakatisha tamaa wapenzi. Bango likisema kwa herufi kubwa, kijiwe kinajibu kwa herufi hizohizo.

Mara moja tu ofisi ilishinda mchezo huo wa kijiwe, na ilikuwa kwa fataki. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zilirusha vipande vifupi vya mwanamume mtu mzima, jina lake Fataki, anayemhadaa binti kwa lifti na chipsi, na kila mara mpita njia anaingilia kati. Jina likatoka redioni likaingia ngeli: fataki, mafataki. Mtoto wa shule akaweza kumwita mtu mzima kwa jina linalomwaibisha bila kumtukana, jambo ambalo heshima ya Kiswahili ilikuwa haimruhusu. Lawama nayo, kwa mara ya kwanza tangu Juliana, ikawa imevaa suruali.

Yaliyobaki ni maneno ya walio hai na virusi. Kwa muda mrefu Mtanzania alisema ameathirika, na bado anasema. Kitenzi hicho kimeingia kundi la kuvunjika, kuharibika na kumwagika, ambamo kitu kimekwisha kutokea na aliyekifanya hayumo. Wenyewe wakalikataa neno hilo. Wakataka kuitwa watu wanaoishi na VVU, na kifupisho kikawa WAVIU, ambacho kwa bahati njema kinaanza na wa- ya watu, wala si ya wagonjwa wala waathirika. VVU nayo ina kasoro yake. Ni Virusi vya UKIMWI, jina la kirusi limebeba jina la ugonjwa mgongoni. Kitabibu mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa na miaka mingi, na kwa mmeza dawa yanaweza yasikutane maishani. Kwa Kiswahili, ukimwambia mtu ana virusi vya UKIMWI, umekwisha kulitaja neno la mwisho kabla hujamweleza la kwanza.

Dawa zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma Tanzania mwaka 2004, zikaitwa za kurefusha maisha, kisha za kupunguza makali, kisha za kufubaza virusi. Hili la tatu ni zuri sana. Kitambaa kilichofubaa bado ni kitambaa, ila rangi yake haikutii tena macho. Neno linasema kweli mbili kwa pumzi moja: vipo, na vimeishiwa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha vidonge vyao. Wengi wamewacheka. Lakini kikombe kiliahidi kupona, neno la kawaida ambalo kila bibi analijua, wakati kliniki ilikuwa ikiahidi kurefusha, na kinachorefushwa kinaeleweka kuwa kilikuwa kifupi.

Sasa kuna ujumbe mpya, na ndio ulionisukuma kuandika. Tangu utafiti mkubwa wa mwaka 2011 ulioonyesha maambukizi kwa wenza yakipungua kwa asilimia 96, ushahidi umezidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba mwenye kiwango cha virusi kisichogundulika hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Naona vipeperushi vinaandika havionekani. Hapana. Kwenye vijiji ambako kisichoonekana ndicho kinachoogopwa zaidi, kuwa na kitu kisichoonekana si nafuu. Na kwa mwingine havionekani maana yake havipo, aache vidonge. Havigunduliki lina afadhali kwa mpimaji, lakini ni neno la maabara. Mimi ningebaki na vimefubaa, kisha niongeze sentensi ya pili isiyo na kifupisho hata kimoja: ukimeza kila siku na kipimo kikathibitisha, humwambukizi mwenzako kwa tendo lile, liwe la ndoa au lisiwe.